Fainali ya Wimbledon haihesabiwi kama mechi ya mpira

Ndugu Mhariri,

Kila Julai kurasa za michezo za magazeti yetu huitengea Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, kipande cha ukubwa wa kiganja: nani kashinda, kwa seti ngapi, kavuna fedha kiasi gani, na picha moja. Udogo wa nafasi hauna ubaya. Julai ni mwezi wa usajili, na msomaji anataka kujua nani anakwenda Simba na nani anaachwa Yanga. Ubaya ni kwamba hata hicho kipande kidogo huandikwa kwa akili ya mpira wa miguu, kana kwamba aliyepata mengi ndiye aliyeshinda. Kwenye tenisi si lazima iwe hivyo, na kwenye viwanja vya nyasi hali hiyo huonekana zaidi.

Fainali ya wanaume ya 2019 inatosha kuwa ushahidi. Novak Djokovic alimshinda Roger Federer 7-6(5), 1-6, 7-6(4), 4-6, 13-12(3) baada ya saa 4 na dakika 57. Jumlisha gemu: Federer 36, Djokovic 32. Jumlisha pointi: Federer 218, Djokovic 204. Esi, yaani sevu (pigo la kuanzisha mpira) ambayo mpokeaji hakuigusa: Federer 25, Djokovic 10. Mwandishi aliyezoea mabao akiziona takwimu hizo atadhani aliyezituma amekosea jina la bingwa. Sasa atazame seti tatu alizoshinda Djokovic. Zote ziliamuliwa kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti pale gemu zinapolingana, na katika taibreki hizo alikusanya pointi 21 dhidi ya 12. Katika seti ya tano Federer alikuwa mbele 8-7, sevu ikiwa yake, 40-15, ana pointi mbili za ubingwa. Ya kwanza foahendi yake, pigo la upande wa mkono wa raketi, ilitoka nje. Ya pili alikuja wavuni, Djokovic akampitishia mpira wa mshazari. Ripoti isiyotaja pointi hizo mbili na zile taibreki tatu haijasimulia fainali ile, hata ikijaza ukurasa mzima.

Sababu ni namna hesabu ya tenisi ilivyojengwa. Pointi hutengeneza gemu, gemu hutengeneza seti, seti hutengeneza mechi, na kila ngazi ikikamilika salio la chini hufutwa. Gemu iliyoisha kwa dakika moja bila mpinzani kupata kitu, na gemu iliyokwenda dyusi (sare ya 40-40) kumi, zote huandikwa moja. Ndiyo maana matokeo ya seti huweza kumdanganya asiyetazama. Fainali ya 2023 Carlos Alcaraz alimshinda Djokovic 1-6, 7-6(6), 6-1, 3-6, 6-4. Msomaji akiona ile 6-1 ya seti ya tatu anajua Djokovic alizidiwa tu. Lakini ndani ya seti hiyo kulikuwa na gemu moja, Djokovic akipiga sevu na yuko nyuma 1-3, iliyochukua kama dakika 26, pointi 32, dyusi 13, mpaka Alcaraz akaivunja. Gemu moja ilikula muda unaotosha nusu seti. Na ukijumlisha gemu za mechi nzima, kila mmoja alipata 23.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu fainali ya nyasi ni sevu ilivunjwa lini. Kuvunja sevu ni kushinda gemu ambayo mpinzani ndiye anayeanzisha mpira. Kwenye nyasi mpira wa sevu unateleza na kubaki chini, mpokeaji ana muda mfupi, na gemu nyingi humwendea anayeanzisha. Seti nzima inaweza kuwa na uvunjaji mmoja tu, na huo ndio habari. Fainali ya 2009 ndiyo ya kufundishia: Federer alimshinda Andy Roddick 5-7, 7-6(6), 7-6(5), 3-6, 16-14. Roddick alilinda gemu zake 37 mfululizo. Ya 38 ikavunjwa, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya mechi. Yeye alikuwa amemvunja Federer mara mbili. Aliyevunja mara mbili alishindwa, aliyevunja mara moja akachukua ubingwa, kwa kuwa seti mbili kati ya tatu alizoshinda zilipatikana kwenye taibreki.

Mabano nayo huwachanganya wengi, ingawa kanuni yake ni nyepesi. Namba ya ndani ya mabano ni pointi za aliyeshindwa katika taibreki ile. Katika taibreki ya kawaida, ikiwa ni 5 au pungufu, mshindi alipata 7. Ikiwa ni 6 au zaidi, ongeza 2: 7-6(6) maana yake 8-6, na 7-6(8) maana yake 10-8. Matokeo yote huandikwa kwa upande wa mshindi wa mechi, hata seti aliyopoteza. Ukibadilisha sentensi ianze na aliyeshindwa, geuza namba zote, usigeuze ya kwanza peke yake.

Seti ya mwisho ina historia yake, na makala za kumbukumbu huichanganya. Hadi 2018 Wimbledon haikuwa na taibreki katika seti ya mwisho. Wachezaji waliendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Mwaka huo Kevin Anderson wa Afrika Kusini alimtoa John Isner katika nusu fainali kwa 26-24 seti ya tano, mechi ya saa 6 na dakika 36 iliyochezwa Ijumaa. Jumapili akaingia fainali na miguu iliyokwisha, Djokovic akamchapa 6-2, 6-2, 7-6(3). Kuanzia 2019 ikawekwa taibreki ya kawaida ikifika 12-12. Kuanzia 2022 ni taibreki ikifika 6-6, ya pointi 10 badala ya 7, kwa tofauti ya pointi 2. Hadi kufikia fainali za 2025 hakuna fainali ya mmoja mmoja iliyomalizwa kwa hiyo taibreki ndefu. Itakapotokea, mwandishi asije akaisoma 7-6(5) ya seti ya mwisho kuwa 7-5; hapo maana yake ni 10-5.

Kuhusu nyasi zenyewe, hapa ndipo uandishi wetu ulipo mwembamba zaidi, na ndipo pana utamu. Viwanja vingi vya kwetu ni vya udongo au saruji, kwa hiyo msomaji hana mahali alipoona tofauti. Kwenye udongo mpira ukigusa chini unakamatwa, unapunguza mwendo na kupanda juu. Kwenye nyasi msuguano ni mdogo: mpira unahifadhi mwendo wake wa mbele na haupandi sana. Slaisi, yaani pigo la kuukata mpira kwa chini, ambayo kwenye udongo humpa mpinzani muda wa kujipanga, kwenye nyasi hubaki usawa wa goti au chini yake. Mchezaji mwenye mzunguko mrefu wa raketi huchelewa. Anayefupisha mzunguko na kupinda magoti hufaidika.

Nyasi za Wimbledon hukatwa hadi milimita 8 na hubakishwa hapo kwa muda wote wa mashindano. Tangu 2001 ni raigrasi ya kudumu peke yake. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 70 raigrasi na 30 aina nyingine laini zaidi. Raigrasi inavumilia kukanyagwa, na udongo chini yake hushindiliwa ukawa mgumu na mkavu, hivyo mpira unadunda kwa uhakika zaidi kuliko zamani. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Tazama picha za siku ya fainali za miaka ya 1990: kuna njia iliyochakaa kutoka mstari wa nyuma mpaka wavuni, kwa sababu kila aliyepiga sevu aliikimbilia volei, pigo la kabla mpira haujagusa chini. Fainali ya 1994, Pete Sampras dhidi ya Goran Ivanišević, seti mbili za kwanza zilikwisha 7-6 na 7-6, na mabadilishano marefu ya mapigo yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Tazama sasa picha za leo: katikati kijani kibichi, upara uko nyuma kwenye mstari wa mwisho tu, kahawia, unatimka vumbi. Fainali ya 2002 kati ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian ilishachezwa yote kutoka nyuma. Mwandishi asiyejua lolote kuhusu mbinu anaweza kuisoma mechi kwa kutazama tu pale nyasi zilipokufa.

Upara huo una athari siku ya fainali. Siku za mwanzo nyasi ni changa na zina unyevu, ndiyo maana wachezaji huanguka sana katika raundi ya kwanza. Siku ya 14 mguu unashika vizuri zaidi kule nyuma, lakini mpira ukiangukia kwenye ukingo wa upara, nusu udongo nusu majani, unaweza kuruka vibaya. Mchezaji anayepiga mipira mirefu karibu na mstari hafanyi hivyo kwa ujasiri tu, anatafuta hapo.

Paa la uwanja mkuu, lililoanza kutumika 2009, linabadilisha mechi pia. Kufunga kwenyewe huchukua kama dakika 10, lakini mchezo hauanzi mpaka mitambo ya hewa ipunguze unyevu, la sivyo nyasi hutoa jasho na kuwa kama sabuni. Paa likifungwa, upepo na jua vinaondoka kwenye hesabu, na mwenye sevu safi hupata nafuu. Fainali ya 2012 ilikuwa ya kwanza kuchezwa sehemu chini ya paa: Andy Murray alishinda seti ya kwanza, mvua ikaja katika seti ya tatu wakiwa sawa seti moja moja, paa likafungwa, na Federer akamaliza 4-6, 7-5, 6-3, 6-4. Ripoti ikitaja mvua bila kutaja paa, imeacha nusu ya kisa.

Sasa lugha. Najua habari nyingi hutafsiriwa haraka kutoka Kiingereza, na mashine za kutafsiri ndizo zinazotutia aibu. Neno la Kiingereza la kuanzisha mpira ndilo hilohilo la huduma, basi tunasoma kwamba mchezaji “alipoteza huduma yake”, utadhani amekatiwa maji. Pointi ya kuvunja sevu inakuwa “pointi ya mapumziko”. Mipira ya kumaliza inakuwa “washindi 94”. Sifuri inageuka “mapenzi”. Mchezaji aliyepangwa juu kwenye ratiba anakuwa “mbegu ya pili”. Makocha na wachezaji wanasema sevu, kuvunja sevu, dyusi, esi, volei, slaisi, taibreki. Nayo ni maneno yanayojitosheleza. Kwa wale waliopangwa, semeni “aliyepangwa wa pili”, na kumbukeni kwamba kupangwa si sawasawa na nafasi ya dunia. Wanaopangwa ni 32 kati ya 128, na mtu akijitoa kwa jeraha kabla ya droo, aliyepo nyuma yake hupanda. Markéta Vondroušová mwaka 2023 alikuwa wa 42 duniani, hakupangwa kabisa, na akawa mwanamke wa kwanza asiyepangwa kutwaa Wimbledon.

Aliyefungwa naye siku ile ni Ons Jabeur wa Tunisia, 6-4, 6-4, chini ya paa. Hapa pana kosa linalorudiwa kwa nia njema: kwamba Jabeur ndiye Mwafrika wa kwanza kufika fainali ya Wimbledon. Usahihi ni kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufika fainali ya mmoja mmoja ya mashindano makubwa katika zama za wazi, zilizoanza 1968 wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa. Sandra Reynolds wa Afrika Kusini alicheza fainali ya Wimbledon 1960 akashindwa na Maria Bueno. Kwa wanaume, Jaroslav Drobný, mzaliwa wa Chekoslovakia, alitwaa ubingwa 1954 akiwa na uraia wa Misri. Jabeur hapungukiwi na chochote kwa kuandikwa sawasawa. Fainali mbili mfululizo, 2022 na 2023, zinamtosha. Na ripoti nyingi hazisemi alivyozipoteza: 2022 alishinda seti ya kwanza 6-3 kwa slaisi na mipira ya kudondosha karibu na wavu, kisha sevu ya Elena Rybakina ikatulia, Jabeur akapoteza 2-6, 2-6. Mwaka uliofuata alikuwa mbele 4-2 katika seti ya kwanza, akapoteza gemu nne mfululizo.

Hali kadhalika Angella Okutoyi wa Kenya. Julai 2022 alitwaa Wimbledon ya wasichana, wachezaji wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, kwa 3-6, 6-4 na 11-9 katika taibreki ndefu. Ni Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa manne. Kumwita “bingwa wa Wimbledon” bila kusema wa daraja gani ni kumtwisha sifa ambayo msomaji atakuja kuikanusha mbele yake. Mmoja wa wapinzani wao katika fainali hiyo, Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, alitwaa ubingwa wa wakubwa wa Kanada 2025.

Nafahamu tatizo kubwa ni saa. Mwaka 2025 waandaaji walisogeza fainali za mmoja mmoja kutoka saa 8 mchana hadi saa 10 jioni ya London. Hiyo ni saa 12 jioni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Saa 11 jioni Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Saa 1 usiku Muscat. Wanawake Jumamosi, seti mbili kati ya tatu: Iga Świątek alimaliza 2025 kwa dakika 57 tu, 6-0, 6-0 dhidi ya Amanda Anisimova, na ukurasa ungeweza kufungwa mapema. Wanaume Jumapili, seti tatu kati ya tano: mechi kama ile ya 2019 ingeisha karibu saa 5 usiku kwetu, na sheria ya eneo inaruhusu mchezo mpaka saa 5 usiku ya London, yaani saa 7 usiku hapa. Toleo la mikoani limekwishapanda gari.

Dawa yake ni kuandaa kiunzi mapema na kujaza namba tu. Kwa mfano, fainali ya wanaume ya 2025 ingetosha hivi: “Jannik Sinner wa Italia amemshinda Carlos Alcaraz wa Hispania 4-6, 6-4, 6-4, 6-4 kwa saa 3 na dakika 4. Alcaraz aliigeuza seti ya kwanza akiwa nyuma 2-4. Kisha Sinner alivunja sevu mara moja katika kila seti: gemu ya kwanza katika ya pili, 4-4 katika ya tatu, 1-1 katika ya nne. Akiwa mbele 4-3 alikuwa nyuma 15-40 kwenye sevu yake, akaokoa zote mbili. Siku 35 kabla alipoteza fainali ya Paris kwa Alcaraz baada ya kukosa pointi tatu za ubingwa.” Ni maneno yasiyozidi mia, yanaingia kwenye kiganja kilekile, na msomaji ambaye hakuona anajua mechi iligeukia wapi.

Takwimu za kuomba ni nne tu: asilimia ya sevu za kwanza zilizoingia, pointi zilizoshindwa kwa sevu ya pili, pointi za kuvunja zilizotumiwa kati ya zilizopatikana, na makosa ya mwenyewe. Idadi ya esi inapendeza lakini haielezi mengi. Sevu ya pili ndiyo inayosema kweli, kwa sababu hapo mpigaji anaogopa kukosa na mpokeaji anasogea mbele.

Na maelezo ya picha, tafadhali. Wanaume hupewa kombe lenye sanamu ya nanasi juu ya kifuniko. Wanawake hawanyanyui kombe; wanapewa sahani ya fedha, pana kama sinia la pilau la watu wanne. Picha inaonyesha sahani, chini yake imeandikwa “akinyanyua kombe”.

Wako,
Mwalimu wa tenisi ya vijana, Tanga